Ukiwa Mtwara, anza na kanisa la Majengo

Watu wengi wakifika Mtwara hukimbilia mji mkongwe wa Mikindani moja kwa moja. Mimi nakushauri uanzie mtaa wa Majengo, Kanisa la Mtakatifu Paulo. Kwa nje ni la kawaida tu, lakini ingia ndani: kuta zimejaa picha za Biblia kwa rangi kali, kazi ya padri Mbenediktini wa Kijerumani, Polycarp Uehlein. Usiende wakati wa misa. Subiri waumini watoke, kisha mwombe ruhusa mhudumu kabla ya kutoa simu. Kaa benchi la nyuma kwanza, macho yazoee.

Halafu panda daladala ya Mikindani, ni kama kilomita 10. Boma la Wajerumani la 1895 siku hizi ni hoteli, utaliona juu mlimani. Ila raha yenyewe iko vichochoroni chini: nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine plasta imebanduka hadi jiwe linaonekana, na milango ya nakshi. Nyumba nyingine zina wenyewe, kwa hiyo piga hodi kabla ya kupiga picha mlango wa mtu. Nenda alasiri, saa tisa hivi. Saa sita jua la kule halina utani.