Namna ya kubishania picha na ubishi ukazaa matunda

Kundi letu la wapiga picha lina watu wa Kampala, Jinja, Busia na Arua, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Kwa kuwa ndiye ninayelisimamia, nimeona jinsi ubishi unavyoharibika: watu wanamjadili mpigaji au kamera yake, picha yenyewe hakuna anayeitazama.

Anza na namna ya kuileta. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, ukali unapungua, na taarifa za namna kamera ilivyopangwa (kasi ya shata, ISO na lenzi) zinapotea. Itume kama hati. Kisha andika ulikuwa unatafuta nini: "Nilitaka uso wa mzee uonekane vizuri." Bila sentensi hiyo kila mtu atakukosoa kwa picha aliyoitaka yeye. Na kama ni picha ya mteja, omba ruhusa yake kwanza.

Anayejibu aseme anachokiona, halafu sababu, halafu dawa. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Chukua picha ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni: mjomba wa bwana harusi amesimama ukingoni mwa hema, nyuma yake nyasi zinawaka jua. Kanzu yake imetoka safi, hata nakshi nyekundu ya kifuani unaiona uzi kwa uzi, lakini uso ni kivuli kitupu. Mmoja anaandika, "Nunua kamera ya maana." Mwingine, "Kamera ya nini, ajifunze kwanza." Aliyeuliza ananyamaza, na Jumamosi inayofuata anaharibu kwanjula nyingine vilevile.

Kilichotokea kinaelezeka. Mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, hudhani kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani, kama kijivu. Ikikutana na kanzu nyeupe na jua la nyuma, inapunguza mwanga, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Kamera ya bei kubwa nayo yaweza kufanya hivyohivyo. Basi mjibu hivi: "Kaka, nakshi naiona, macho ya mzee siyaoni. Mita imefuata kanzu. Pima mwanga usoni, au ongeza mwanga mpaka +1, piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), na uangalie kanzu isiungue ikawa nyeupe tupu." Maneno machache, na ana la kufanya kesho. Nyuso zikiwa na wekundu au ubluu wa ajabu, uliza kwanza hema lilikuwa la rangi gani kabla hujamlaumu kwa uhariri. Kitambaa kile kinamwaga rangi yake juu ya kila mtu.

Ubishi wa lenzi una dawa fupi. Mmoja anasema lenzi ya 50mm (ndio urefu wa fokasi, unaoamua inavuta kiasi gani) ni 50mm popote, mwenzake anasema kwenye Canon ya sensa ndogo, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, inakuwa 80. Wote wana haki: urefu huo haubadiliki, bali sensa ndogo inakata pembeni, na picha inaonekana kama ya 80mm kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24. Wapelekeni wote wawili kwenye Mnara wa Uhuru pale Kampala, ile sanamu ya mama na mtoto aliyoichonga Gregory Maloba, wapige kutoka sehemu moja kwa lenzi moja, mmoja kwa sensa kubwa, mwingine kwa ndogo. Ukishaziweka picha mbili pamoja, hakuna wa kumshinda mwenzake.

Ushauri wa video za Ulaya nao uulizwe umetoka wapi. Ikweta inapita Kayabwe, barabara ya Masaka. Huku jua linazama karibu wima, na mwanga laini wa jioni unaisha upesi, tofauti na London wakati wa kiangazi. Anayekwambia usubiri jioni upige bila haraka huenda anasema kweli ya kwao.

Wazee wa studio, waliopiga filamu kabla yetu, tuwaite wazee na tuwaachie nafasi ya kumaliza kusema; wanaujua mwanga. Kosa la mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo mwandikie faraghani. Mtu akianza kutaja kabila au bei ya kamera ya mwenzake, mimi nafunga kundi mpaka asubuhi, na sijali nani atanuna.

Kisha aliyeuliza adaiwe picha mpya, iliyopigwa baada ya ushauri. Hiyo ndiyo tunayoijadili wiki inayofuata.