Somo: Breki ya gokati ya kujitengenezea, ifunge kabla ya injini

Habari za kazi, mafundi na wazazi. Wengi wanaotengeneza gokati (kigari kidogo cha wazi cha magurudumu manne) hapa Dodoma huanza na injini, mara nyingi ile ya pampu ya maji ya nguvu farasi 6.5 ambayo wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanaijua vizuri. Nawaomba mgeuze mpangilio. Breki inahitaji nafasi kwenye ekseli, na injini ikishakaa, spoketi na cheni zimeshaila nafasi hiyo. Ndipo mtu anaishia kuchomelea kipande cha chuma kisugue tairi. Hiyo si breki: tairi likishika vumbi au tope, chuma kinateleza tu.

Tazama hesabu. Gokati ikitembea kilomita 20 kwa saa, breki ya wastani kwenye ardhi ngumu huisimamisha kwa mita 3 hivi, bila kuhesabu muda wa mguu kufika kwenye pedali. Kwa kilomita 40 ni zaidi ya mita 12. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne.

Kuchagua

Breki ya bendi, yaani ukanda wa chuma unaobana ngoma kwa nje, ni rahisi, lakini ikifungwa kinyume na mzunguko inasugua bila kushika, tena inapata moto haraka. Breki ya ngoma ya bodaboda, ambayo shuu zake hubana ngoma kwa ndani, inajikinga na vumbi na spea zake zipo kila mtaa. Tatizo lake ni habu ya aluminiamu: huwezi kuichomelea kwenye ekseli ya chuma kwa mashine ya kawaida. Halafu lile bamba linalobeba shuu lazima lishikwe na mkono uliofungwa kwenye fremu, la sivyo linazunguka pamoja na ngoma.

Mimi nachagua diski ya pikipiki, kalipa yake (kifaa kinachobana diski kwa pedi), na masta silinda ya breki ya mguu (pampu inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye kalipa). Diski inafungwa kwa bolti, na pedi unaziona kwa macho bila kufungua kitu.

Kufunga

Hatua ya 1: ekseli. Kama ni shafti moja inayozunguka na magurudumu yote mawili ya nyuma, diski moja inatosha. Kama gurudumu moja tu ndilo linasukumwa na cheni na jingine linajizungukia kwa beringi zake, diski moja itavuta gari upande mmoja. Hapo weka breki mbili, au badilisha ekseli. Usiweke diski kwenye shafti ya injini, kabla ya cheni, hata kama pana nafasi nzuri. Cheni ikikatika au ikichomoka, breki yako imeondoka nayo.

Hatua ya 2: flenji, yaani kipande cha chuma kinachoshikisha diski kwenye shafti. Hapa ndipo pa kutumia pesa. Mpelekee mtu wa mashine ya kukereza diski yenyewe, siyo vipimo vya mdomo, akukereze flenji inayoingia kwenye shafti bila kucheza na yenye matundu yanayolingana na ya diski. Kwa shafti ya milimita 25, kii (kipande cha chuma kinachozuia flenji isizunguke juu ya shafti) ni ya upana wa milimita 8. Ongeza bolti ya kubana ili flenji isitembee pembeni. Ukishafunga, simamisha kipande cha waya karibu na uso wa diski, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Kama diski inausogelea waya na kuuacha, flenji imepinda. Irudishe kwa mkerezaji. Usijipe moyo kwamba pedi zitainyoosha.

Hatua ya 3: kalipa. Tengeneza kishikio cha bamba la milimita 8, ukichomelee kwenye fremu, diski ikae katikati ya pedi. Nipo, ile skrubu ya kalipa ya kutolea upepo ulioingia kwenye mafuta, iwe juu kabisa. Ikikaa chini, upepo hautoki hata ukipampu kutwa.

Hatua ya 4: pedali, mguu wa kushoto. Kutoka kwenye egemeo hadi unapokanyaga iwe sentimita 20, na kutoka kwenye egemeo hadi fimbo ya masta silinda sentimita 4. Nguvu ya mguu inaongezeka mara tano. Acha fimbo icheze milimita 1 au 2 kabla ya kugusa pistoni, vinginevyo breki haziachii. Weka springi ya kurudisha pedali. Mpira wa mafuta upite mbali na cheni na ekzosi.

Hatua ya 5: mafuta ya breki. Soma kwenye kifuniko cha masta silinda aina ya mafuta inayotakiwa, DOT 3 au DOT 4. Kanyaga pedali na uishikilie, mwenzako afungue nipo, upepo utoke, afunge, ndipo uachie. Rudieni hadi pedali iwe ngumu, na chombo kisikauke katikati ya kazi.

Hatua ya 6: jaribio. Injini bado haijafungwa. Watu wawili wasukume, dereva akanyage. Magurudumu ya nyuma lazima yagome kuzunguka. Baadaye, kwa injini, funga breki taratibu kama mara ishirini ili pedi zikae, katika uwanja uliozungushiwa uzio. Barabarani hapana.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Kizota: Shikamoo fundi. Naweza kuweka mafuta ya injini kwenye breki? Ya breki yameisha.*

Marahaba. Hapana kabisa. Mafuta ya injini yanavimbisha mipira ya masta silinda na kalipa, na breki inakwama au inapotea. Kama umeshayaweka, badilisha mipira yote na usafishe njia nzima.

*Fundi wa Manyoni: Nikikanyaga kwenye changarawe, gari linageuka na kutazama nilikotoka.*

Breki ipo nyuma tu, na ukikanyaga uzito unakimbilia mbele. Nyuma panakuwa pepesi, tairi zinajifunga na kuteleza. Funga breki gari likiwa limenyooka, kabla ya kuingia kona. Kama bado linajifunga kwa kugusa kidogo, sogeza fimbo hadi sentimita 5 kutoka kwenye egemeo. Mguu utapata nguvu mara nne badala ya tano.

*Mama wa Miyuji: Kijana wangu ana miaka 11 na baba yake anamtengenezea gokati. Nidai nini kabla hajapanda?*

Mama, dai vitu vitatu. Kwanza, swichi ya kuzima injini ambayo mtoto anaifikia akiwa amefunga mkanda. Pili, springi inayorudisha pedali ya kuongeza mwendo mguu ukitoka. Tatu, breki ya mkono yenye waya wake na kalipa yake, isiyotegemea mafuta ya ile ya mguu. Kisha mwambie baba yake aikanyage pedali ya breki kwa nguvu zote gari likiwa limesimama, wewe ukitazama chini. Ukiona tone la mafuta kwenye mpira au kishikio kinapinda, mtoto asubiri.