Kubadilisha waya za betri kwa karavani ukiweka lithiamu na inveta kubwa

Watu huku Nakuru wakiamua kuboresha stima ya karavani wanaongea betri, wanaongea inveta (ile inageuza stima ya betri iwe ya volti 240), wanaongea paneli za sola, alafu wakifika kwa waya wanasema aah hizi zilikuwa zinafanya kazi wacha zikae. Zilikuwa zinafanya kazi kwa sababu zilikuwa zinabeba taa na pampu ya maji peke yake. Sasa unataka kuchemsha chai ukiwa Baringo na waya ileile, bana hiyo itakuchomea karavani.

Hesabu yake si ngumu. Inveta ya wati 2000 kwa betri ya volti 12, gawa, unapata kama ampea 167, na inveta yenyewe inakula kiasi ikigeuza stima kwa hivyo weka kama 190 ikiwa imebeba mzigo wote. Sasa sema betri iko mita moja na nusu kutoka kwa inveta, kwenda na kurudi ni mita tatu. Ukitumia waya ya shaba ya 16mm² unapoteza karibu volti 0.6 njiani na hiyo yote inageuka moto, zaidi ya wati 100 ndani ya waya iliyofungiwa chini ya kitanda na godoro juu yake. Ukiweka 70mm² inashuka mpaka kama volti 0.14 na moto wa wati 27 hivi. Kwa inveta ya 2000 kwa volti 12 mimi naweka 70mm² na sibishani na mtu, kama umbali ni mfupi sana unaeza pata wa kukwambia 50 inatosha lakini tofauti ya bei kwa mita tatu haifai kukunyima usingizi. Na kama bado hujanunua inveta fikiria mfumo wa volti 24, ampea zinakuwa nusu na waya inakuwa nyembamba.

Kabla ya waya soma kwanza ile karatasi ya betri. Lithiamu ikona kompyuta ndogo ndani inayoitwa BMS na inaamua ampea ngapi zitoke, kuna za 100Ah zinazotoa ampea 100 mwisho, hiyo ni kama wati 1200 tu, ukiwasha birika ya wati 2000 betri inajizima na wewe unaanza kulaumu fundi. Utahitaji mbili sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) ama moja yenye BMS ya ampea 200. Birika nayo pindua usome chini, kuna zingine ni 2200 na hizo inveta ya 2000 haiziwezi.

Sasa kununua. Waya ya welding ndiyo rahisi kupata, hardware za mjini ziko nayo, ina nyuzi nyembamba nyingi kwa hivyo inakunjika vizuri kwa zile kona za karavani. Shida ni kwamba nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Muuzaji atakwambia ni kopa safi, sawa, toa kisu ukwangue uzi mmoja, ukiona weupe ndani rudisha. Ama pima uzito, mita moja ya 70mm² shaba peke yake bila mpira inapita gramu 600, ukiishika na inahisi nyepesi kama kamba ya nguo basi hiyo ni aluminiamu. Aluminiamu inapitisha stima kama asilimia 60 ya shaba, kwa hivyo 70 yako imekuwa kama 42 na umelipia bei ya shaba. Pima njia na kamba kwanza, vile waya itapita kweli na kona zote, usipime na macho.

Alafu lagi, kile kichwa chenye tundu kinachobanwa mwisho wa waya ili kifungwe kwa bolti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo karibu kila shida inatoka. Waya inaweza kuwa nzuri kabisa na mwisho wake umeharibika. Vile mafundi wengi wanafanya ni kuingiza waya kwa lagi, kuweka kwa chuma na kugonga na nyundo. Inashika, ata ukivuta haitoki, lakini ndani kumebaki nafasi za hewa kati ya nyuzi, stima inapita kwa sehemu kidogo, hapo panashika moto, ikipoa inalegea, ikilegea inashika moto zaidi, na unyevu wa ziwa ukiwa Kisumu unamaliza kazi. Solda pekee pia sitaki, ukipatikana moto mkubwa inayeyuka, na pale solda inaishia waya inakuwa ngumu na inakatika na mtetemo. Tafuta mashine ya haidroliki ya kubana lagi, ile ya kupampu na mkono yenye vyuma vya pembe sita. Si lazima ununue, mafundi wa sola wanayo, muulize akubanie lagi zako zote siku moja, utamlipa pesa kidogo.

Kata mpira wa waya urefu sawa na shimo la lagi, usikate nyuzi. Ingiza zote, hakuna uzi wa kubaki nje ati huu ni mmoja tu. Bana mara mbili lagi ikiwa ndefu. Vuta kwa nguvu zako zote. Alafu mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, nyekundu kwa chanya nyeusi kwa hasi, na huo mpira uuvishe waya kabla ya kubana lagi ya pili. Tundu la lagi lilingane na bolti ya betri, mara nyingi ni M8, usinunue ya M10 ati utajaza na washa (ile pete bapa ya chuma).

Kutoa za zamani: chomoa stima ya nje ya volti 240, zima inveta, tenganisha paneli na kontrola (kifaa cha sola kinachosimamia kuchaji betri) kabla ya kugusa betri kwa sababu kontrola nyingi hazipendi kubaki na paneli bila betri. Vua pete na saa. Funga spana na tepu ibaki mdomo tu. Toa hasi kwanza, ndio ukienda kwa chanya na spana iguse bodi ya karavani hakuna shoti. Piga picha ya kila kitu. Kama betri ya zamani ni ya asidi fungua mlango hewa iingie, hiyo gesi yake inawaka, na ule unga mweupe kwa terminali uoshe na baking soda na maji.

Fyuzi inakaa karibu kabisa na terminali ya chanya, isipite shibiri moja. Kazi yake ni kulinda waya, si inveta. Kwa hizi hesabu zetu ni 250A, lakini angalia kitabu cha inveta. Kwa lithiamu nunua aina ya Class T, kwa sababu lithiamu ikipigwa shoti inatoa maelfu ya ampea na fyuzi za bei rahisi zinaeza ungua alafu stima iendelee kuruka kwa cheche hapo ndani. Ni ghali, najua.

Ukiwa na betri mbili sambamba, chaji kila moja ijae peke yake kwanza, alafu waya za kuziunga ziwe urefu sawa, na inveta ichukue chanya kwa betri ya kwanza na hasi kwa ya pili, hivyo zinafanya kazi sawa. Ukichukua zote kwa betri moja hiyo moja inazeeka mapema.

Kwa terminali lagi ikae uso kwa uso na betri, washa juu ya lagi, kamwe si chini yake. Paka grisi ama vaselini ukishakaza, si kabla. Waya ya hasi inayoenda kwa chesi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Mahali waya inapita kwa bati weka mpira, na ishikilie kila baada ya futi moja hivi.

Kuunganisha ni chanya kwanza, hasi mwisho, fyuzi ikiwa nje. Kabla ya kurudisha fyuzi pitisha stima kwa balbu ya volti 12 kati ya zile bolti mbili ambapo fyuzi itakaa, itawaka alafu ififie, hapo kapasita za inveta (vipande vya ndani vinavyohifadhi stima) zimejaa. Usipofanya hivyo utaona cheche na mlio, na bolti ya fyuzi inachomeka.

Mtu pia asisahau ile waya inayotoka kwa gari kupitia plagi ya nyuma. Ni nyembamba na lithiamu inavuta bila huruma, inaeza chosha altaneta ya gari. Weka chaja ya DC kwa DC katikati, ile inayopunguza ampea zinazotoka kwa gari, na iwe na fyuzi yake.

Kupima: washa birika, weka mita kwa volti, ncha moja kwa terminali ya chanya ya betri na nyingine kwa terminali ya chanya ya inveta. Fanya hivyo upande wa hasi pia. Jumla ikipita volti 0.3 kuna lagi imekulaghai, sogeza ncha za mita kiungo kwa kiungo mpaka uipate. Baada ya dakika kumi gusa kila lagi na nyuma ya mkono. Vuguvugu sawa, ikikufanya utoe mkono zima.

Safari ya kwanza ukishapita yale matuta ya kwenda Kisumu ama rafu rodi yoyote, simama ukaze nati zote tena, hasi ikiwa imetolewa. Zile waya za zamani kama ni 16mm² na shaba ni nzima usiuzie watu wa skrapu, zinatosha kabisa kutoka kontrola ya sola mpaka betri kama kontrola ni ya ampea 30.