Vyombo vya Maua, Bilauri na Picha za Ukutani: Kupanga Sebule Kipupwe Kikiisha Nyanda za Juu Kusini

Kipupwe kinapoachia mwishoni mwa Agosti, nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe huanza kufunguliwa madirisha. Mapazia mazito huvuliwa, mablanketi huanikwa, na kufikia Oktoba mijakaranda ya mjini imevaa zambarau. Ndio wakati watu huingia Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa kutafuta chombo kipya cha maua, bilauri za kupamba kabati na picha ya ukutani. Wengi hurudi na kitu kizuri kisichokaa popote: kirefu kuliko rafu, kipana kuliko maua wanayopata, au cheupe mbele ya ukuta mweupe kikapotea kabisa. Kosa ni kununua kabla ya kupima. Anza na mahali, yafuate maua, chombo kije mwisho.

Mwanga na nafasi

Chombo cha kioo bila mwanga hakina uzuri. Nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo na paa lililoshuka ili kuzuia mvua, hivyo kona ya mbali ya sebule huwa na giza hata saa sita mchana. Kioo kisicho na rangi kikikaa kona hiyo huonekana kijivu, kama hakijaoshwa. Kiweke mita moja au mbili kutoka dirishani, mwanga ukitokea nyuma yake au ubavuni. Kona ya giza ipe chombo kisichopitisha mwanga: chungu, kauri nyeupe au kikapu.

Kioo cha kijani cha chupa na cha rangi ya asali hupatana na makochi ya damu ya mzee na ya kahawia, ambayo ndiyo yamejaa majumbani. Bluu iliyoiva ni ngumu zaidi. Inataka mwanga mwingi kuliko rangi zote, na ikiukosa huonekana nyeusi. Kabla ya kuinunua, itoe nje ya kibanda, kisha irudishe ndani uitazame tena. Rangi utakayoiona ndani ndiyo utakayokaa nayo nyumbani.

Pima kwa futikamba kimo cha kila rafu na uondoe sentimita 5 za kupitisha mkono. Kwenye meza ya chakula, chombo na maua yake kwa pamoja visizidi sentimita 35, la sivyo wanaokaa pande mbili wataongea bila kuonana. Meza fupi ya katikati ya sebule inaweza kubeba hadi sentimita 45.

Kuna jambo moja la hatari. Bakuli la mviringo la kioo lililojaa maji hukusanya miale ya jua sehemu moja, kama lenzi ya kukuzia. Kiangazi chetu hakina mawingu mengi, na jua la nyanda za juu ni kali hata upepo ukiwa wa baridi. Bakuli la namna hiyo likiwa dirishani karibu na pazia linaweza kuwasha moto. Lihamishie mahali ambapo jua haligusi moja kwa moja.

Maua ndiyo yanayochagua chombo

Kipimo cha kuanzia ni hiki: maua yaliyo juu ya mdomo wa chombo yawe na kimo cha mara moja na nusu ya chombo chenyewe. Chombo cha sentimita 20 kinataka maua yaliyochomoza sentimita 30, maana yake shina lote liwe na karibu sentimita 45 hadi 50. Ukiwa na maua ya bustanini yenye mashina ya sentimita 20 tu, usinunue chombo kirefu. Tafuta cha sentimita 8 hadi 10.

Waridi ni rahisi. Chombo cha sentimita 20 hadi 25, mdomo wa sentimita 8 hadi 10, mashina kumi hadi kumi na mawili, maji theluthi mbili ya chombo. Mdomo ukifika sentimita 15 utahitaji mashina zaidi ya ishirini. Ukiweka kumi yataangukia pembeni na kuacha shimo katikati. Kama chombo kipana tayari unacho, bandika selotepu angavu juu ya mdomo kwa kupitisha mistari huku na huku hadi upate vyumba vya sentimita 2 au 3, kisha chomeka shina moja au mawili kwa kila chumba. Mdomo uwe mkavu kabisa wakati wa kubandika, vinginevyo selotepu itaachia maji yakishaingia.

Kala, lile ua jeupe la umbo la faneli linalostawi mabondeni na kando ya mifereji, lina tabia yake. Bua lake ni nene, laini, na lenye maji mengi. Ukilizamisha nusu nzima huoza, hupasuka na kujikunja kuelekea nje. Maji ya sentimita 8 yanalitosha. Kichwa chake ni kizito, hivyo chagua chombo kirefu cha sentimita 25 hadi 30 chenye shingo ya sentimita 4 hadi 6 na kitako kizito. Mabua matatu au matano yanatosha. Ukirundika kumi na tano, umbo lake halionekani tena, na umbo ndilo linalofanya kala ipendwe.

Haidrenjia hunywa maji mengi na hunyauka haraka kuliko maua mengine. Kata shina fupi, weka kwenye bakuli lenye mdomo mpana, jaza maji karibu yote. Ua likilegea, zamisha kichwa chake chote ndani ya ndoo ya maji baridi kwa nusu saa. Mara nyingi huamka.

Jakaranda iache mtini. Maua yake hupukutika karibu mara tu tawi linapoingia ndani. Ukitaka kitu cha kudumu msimu huu, kusanya manyasi yenye mashuke, mabua ya ngano au matawi ya mkaratusi. Manyasi makavu yaweke kwenye chombo kisicho na maji hata tone, kwa sababu unyevu mdogo tu huleta ukungu mweusi chini ya mabua.

Maua ya Kitulo yasiguswe. Uwanda ule, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Kuchuma ua au kung'oa kiazi chake ni kosa, na okidi zake hazidumu zikitolewa kwenye udongo wao. Ukitaka kuwa nayo sebuleni, nunua picha.

Kukagua kioo kabla ya kulipa

Iwe ni mpya dukani au mtumba wa vyombo uliomwagwa chini kwenye turubai, ukaguzi ni ule ule. Kwanza pitisha ukucha polepole kuzunguka mdomo. Jicho hukosa vibanjo vidogo, ukucha haukosi. Pili, inua chombo kielekee mwanga na ukizungushe. Ufa hung'aa kama uzi wa fedha unapobadilisha pembe, wakati mkwaruzo hubaki vilevile. Tatu, kishike kitako na upige ubavu kwa kidole. Kioo kizima hulia na mlio hudumu kidogo; chenye ufa hutoa sauti butu. Kioo kinene cha kubanwa kwenye kalibu huwa hakilii sana hata kikiwa kizima, kwa hiyo linganisha viwili vya aina moja.

Viputo vichache ndani ya kioo si ubovu. Kinachotia shaka ni kiputo kikubwa kwenye mdomo au pale ukuta unapokutana na kitako, kwa sababu hapo ndipo kioo huanza kupasuka. Kisha kiweke juu ya kitu bapa na ukiguse: kikitikisika, kitako hakiko sawa, na kikijaa maji kitatikisika zaidi.

Utando mweupe ndani ya vyombo vya mtumba una asili mbili. Mmoja ni chokaa ya maji magumu, huo hutoka: changanya siki na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, acha nusu saa, ongeza kijiko cha mchele mbichi na utikise kama shingo ni nyembamba. Usitumie mchanga, unakwaruza. Mwingine ni kioo chenyewe kilicholika, na huo hautoki kwa dawa yoyote ya nyumbani. Sokoni huna siki, kwa hiyo chombo chenye utando kinunue kwa bei ya chombo chenye kasoro.

Kioo kilichopakwa rangi kikwangue kidogo chini ya kitako. Rangi ikitoka kama ganda, haitamaliza mwezi ikioshwa. Rangi iliyopakwa ndani haifai kabisa kwa maua mabichi, na chombo cha mapambo kilichopakwa rangi kisitumike kwa kinywaji wala chakula.

Ukikifikisha nyumbani, usikioshe kwa maji ya birika. Asubuhi za Njombe na Mafinga kioo huamka baridi sana. Maji moto hutanua upande wa ndani wakati wa nje bado umejibana, na chombo huachana. Kinene ndicho hupasuka kwanza, kwa kuwa joto huchelewa kufika upande wa pili.

Vilivyotengenezwa huku huku

Kabla ya kununua kauri iliyosafirishwa kutoka mbali, tazama vyungu vya Wakisi. Wanawake wa mwambao wa Ziwa Nyasa, Ikombe na Matema, huvifinyanga kwa mkono, na ukuta wake ni mwembamba kwa namna inayoshangaza. Havina ung'azo wa kauri, kwa hiyo hupitisha maji taratibu. Ukijaza maji na kukiweka juu ya meza ya vanishi, asubuhi utakuta duara jeupe ambalo halifutiki. Tumbukiza ndani yake chupa ya jemu au ya asali, maji na maua yakae humo, chungu kionekane nje. Mfinyanzi hatachukia ukimwomba upime mdomo wa chungu kwa chupa uliyokwenda nayo.

Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu hutumika vivyo hivyo, chupa ndani, na ni vyepesi mno: weka jiwe chini ya chupa, au mtoto atakiangusha kwa kupita tu. Karatasi za mikono za Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono pale Iringa, zikiwemo za kinyesi cha tembo, hufaa kutiwa kwenye fremu zenyewe tupu au kuwa mandhari ya nyuma ya picha ndogo.

Ukanda huu uko kwenye bonde la ufa na mitikisiko ya ardhi hutokea. Vizito viweke rafu ya chini. Bilauri za mapambo ziwe chache zenye nafasi ya vidole viwili kati yake, maana zikigusana ni zenyewe zitakazovunjana.

Picha ukutani

Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa kochi na fremu, na upana wa picha uwe theluthi mbili ya kochi: kochi la sentimita 180 linataka picha ya 120, au mbili za 55 zilizoachana sentimita 10. Picha ndogo moja juu ya kochi kubwa, ikiwa karibu na dari, ndiyo kasoro inayoonekana zaidi majumbani.

Tingatinga, uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam miaka ya 1960, ulianza kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi, na rangi hizo hazihitaji kioo mbele. Unazifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nyingi leo huchorwa kwenye turubai na kuuzwa zimekunjwa. Bonyeza kidole pembeni pasipoonekana. Kikinata, rangi haijakauka na itashikamana njiani. Zikunje rangi ikiwa upande wa nje, kwa duara pana.

Picha za karatasi na rangi za maji ndizo zinazotaka kioo, na zisigusane nacho. Mwambie fundi fremu aweke paspatu (karatasi nene inayozunguka picha) au vijiti vyembamba kati yao, vinginevyo unyevu wa masika utaigandisha karatasi kwenye kioo. Fremu nyingi hapa ni za msindano, ambao unapatikana kwa wingi kutokana na mashamba ya Sao Hill. Mbao ikiwa mbichi, pembe za fremu hufunguka ndani ya miezi michache. Fremu nzito kuliko kawaida, yenye ubaridi na utomvu unaonata, irudishe.

Kioo cha milimita 3 chenye sentimita 60 kwa 80 peke yake kina kilo tatu na nusu hivi. Msumari mmoja kwenye lipu hautoshi. Toboa kwa keekee ya milimita 6 hadi uingie kwenye tofali lenyewe, ingiza plagi ya plastiki, funga skrubu ya sentimita 4 au 5, na utundike kwa nukta mbili ili picha isilale upande. Ukuta wa tofali mbichi upe picha nyepesi tu zisizo na kioo.

Usitundike picha ukuta unaotazamana na dirisha la jua la mchana. Rangi hupauka, na nyekundu mara nyingi ndiyo hutangulia. Kwa Rungwe na Tukuyu, ambako mvua ni nyingi mno, epuka pia ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Bandika vipande viwili vya mpira wa ndala nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite. Mvua zikishaanza Novemba au Desemba, geuza kila picha mara moja kwa mwezi. Ukikuta madoa meusi, itoe nje, yafute kwa brashi kavu, iache kivulini ikauke kwa siku nzima, kisha itafutie ukuta wa ndani.

Maji

Ng'oa majani yote yatakayozama, kata shina kwa mshazari kwa kisu kikali, badilisha maji kila siku ya pili na ukate tena sentimita moja. Lita moja ya maji ichanganywe na kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya jiki: sukari huyalisha maua, jiki huzuia ute unaoziba mashina. Sukari bila jiki ni kulisha bakteria. Chombo chenyewe kioshwe kwa sabuni kila unapobadilisha maua, kwa sababu ute wa maua ya wiki iliyopita huozesha mapya kabla hayajafunguka.