Mizani Kwanza: Namna ya Kutunza Uzito wa Ndege ya Mashindano

Katika timu yetu ya kuunda ndege ndogo ya rimoti kwa mashindano, mimi ndiye mshika mizani. Kipande hakigundishwi kwenye ndege kabla sijakipima, na wenzangu wanajua kuwa hapo sibembelezeki. Nanyi mteueni mtu wa kazi hii siku mnayoanza kuchora.

Mpeni daftari lenye safu nne: jina la kipande, uzito mliokadiria, uzito halisi, na umbali wake kutoka puani. Timu nyingi huishia safu ya tatu. Ya nne ndiyo inayoamua kama ndege itaruka au itaanguka.

Chukua mkia. Tuseme uko sentimita 90 nyuma ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ikiinuliwa, na mota iko sentimita 30 mbele yake. Gramu 10 za gundi ya epoksi zilizozidi mkiani zitadai gramu 30 puani, na ndege imeongezeka gramu 40 bure. Kwa hiyo balsa, ule mbao mwepesi wa kuundia ndege, iliyo nyepesi kuliko zote iende mkiani, na gundi ya ziada ifutwe ikiwa bado mbichi. Uzito ukizidi kwa asilimia 21, kasi ya chini kabisa ya kubaki hewani inapanda kwa asilimia 10, na mnahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia.

Kwa bawa la mstatili na mkia wa kawaida nyuma, anzeni na kitovu kwenye robo ya upana wa bawa, mkipima kutoka ukingo wa mbele. Tieni alama chini ya mabawa yote mawili, kisha inueni ndege kwa ncha za vidole hapo, betri na propela zikiwa mahali pake. Pua ikiinama kidogo, sawa. Mkia ukishuka, ndege isirushwe kabisa! Ndege yenye mkia mzito ikiinua pua huzidi kuiinua, na rubani hawahi kuirudisha.

Msikimbilie kuweka uzito wa madini ya risasi puani, sogezeni betri. Zidisha uzito wa ndege kwa umbali unaotaka kitovu kihame, kisha gawanya kwa uzito wa betri. Ndege ya gramu 3,000, betri ya gramu 600, kitovu kihame milimita 10 mbele: betri inasogea milimita 50 mbele.

Mzigo wa mashindano ukae juu ya kitovu chenyewe, ili ndege isibadilike tabia ikiruka nao au bila nao. Hili lipangwe kwenye mchoro, maana bodi ikishafungwa hakuna nafasi tena.

Mwisho, jazeni mzigo wote, watu wawili wainue ndege kwa ncha za mabawa. Wakaguzi wa Design/Build/Fly, mashindano ya wanafunzi yaliyoanza Marekani mwaka wa masomo 1996/97, hufanya jaribio hilihili, kwa sababu linakunja bawa katikati kwa nguvu inayozidi mara mbili ile ya safari tulivu. Kagueni kiungo cha bawa na bodi. Kikiwa kimeachia hata upana wa unywele, kijengeni upya kabla rubani hajashika rimoti.