Namna ya Kuimba "The Weight" kwa Sauti Tatu

"The Weight" (yaani "Mzigo"), wimbo wa kundi la The Band uliotoka mwaka 1968 katika albamu ya Music from Big Pink, huonekana mwepesi kwa sababu kodi zake, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, ni chache, na kwa sababu hiyo watu wengi huurukia bila maandalizi, wote wakafuata sauti ya kwanza, na utamu wake ukapotea. Maelekezo haya yanamfaa mtu anayejua do-re-mi kama inavyofundishwa kwenye kwaya na mwenye gitaa au kinanda karibu.

Kabla ya noti, ielewe hadithi, kwa kuwa ndiyo inayoamua jinsi ya kuimba. Mtunzi wake, Robbie Robertson, Mkanada wa Toronto, alieleza kwamba alichungulia ndani ya gitaa lake la Martin akaona limeandikwa Nazareth, mji wa jimbo la Pennsylvania ambako magitaa hayo hutengenezwa, naye akaanzia hapo. Nazareti ya wimbo huu, basi, si ile ya Galilaya, ingawa aliyelelewa na Biblia hawezi kulisikia jina hilo bila kuikumbuka. Msafiri anaingia mjini akiwa amechoka, ana salamu za kufikisha, na kila anayekutana naye anamwongezea mzigo. Robertson alizitaja filamu za Luis Buñuel, ambamo watu hujitahidi kutenda wema na wema wenyewe ukawashinda, kuwa chanzo cha wazo hilo. Baadhi ya majina yaliyomo ni ya watu aliowafahamu Levon Helm, mpiga ngoma wa kundi, mzaliwa wa Arkansas, ambaye ndiye anayeongoza kuimba hadi Rick Danko, mpiga besi, anapopokea ubeti wa nne. Imba kama mtu anayesimulia yaliyomkuta njiani, si kama mtu anayeonesha ukubwa wa sauti yake.

Sasa fungua katika A, yaani do yako iwe A. Ubeti unakwenda A, C#m, D, kisha unarudi A. Gawanyeni noti hivi: wa kwanza aimbe do, ti, do, do, wa pili mi, mi, fa, mi, wa tatu so, so, la, so. Imbeni polepole bila maneno, kwa "aa" tu, mkisikiliza kwamba kodi inapobadilika mara ya kwanza ni mtu mmoja pekee anayesogea, akishuka nusu hatua kutoka do hadi ti, na wengine wawili wanabaki palepale. Inapofika D wote watatu wanapanda kwa pamoja. Kurudi kutoka D hadi A ni mwendo uleule wa "Amina" inayofunga tenzi kanisani, na nadhani hapo ndipo wimbo unapopata harufu yake ya ibada.

Kiitikio kinazungusha A, E, D. Angalia jambo ambalo wengi hulipita: kwa mazoea E huvuta sikio lirudi nyumbani kwenye A, lakini hapa inakwenda D kila mara. Mzigo hautuliwi. Mpiga gitaa asijaribu "kusahihisha" mwendo huo.

Mwisho wa kiitikio ndio wenye kazi kubwa. Sauti haziingii pamoja. Zinaingia moja baada ya nyingine juu ya D, kila moja ikilirudia lile neno fupi "and" ("na"), mpaka zikutane kwenye maneno ya mwisho. Kwa mazoezi napendekeza wa kwanza ashike fa, wa pili aongeze la, wa tatu aongeze do ya juu, bila ala yoyote. Aliyeingia kwanza asipunguze sauti wala asiteleze anapomsikia mwenzake. Hapo ndipo makundi mengi huharibikiwa. Rudieni mara kumi kama ni lazima, kisha badilishaneni nafasi ili kila mmoja aijue kodi yote.

Baada ya hapo besi inashuka ngazi kwa ngazi, do, ti, la, so, fa, na ubeti mpya unaanzia do. Ukiwa na kinanda, cheza mteremko huo kwa mkono wa kushoto peke yake hadi uuzoee.

Kisha sikilizeni The Staple Singers, familia ya waimbaji wa injili wa Chicago, waliorekodi wimbo huu mwaka huohuo wa 1968 na kuuimba tena pamoja na The Band katika filamu ya The Last Waltz ya mwaka 1978. Sauti zao zinayeyukiana kama za watu waliokula chungu kimoja, ilhali Helm, Danko na mpiga piano Richard Manuel kila mmoja unamtambua hata wanapoimba pamoja. Mimi huanza na mtindo wa The Band, kwa kuwa kundi changa linaloimba hivyo hutambua upesi ni nani ametoka kwenye noti yake.