Kukarabati ukuta wa mawe na chokaa: saruji iache dukani

Ukuta wa kale wa mawe ya matumbawe huangushwa na mambo mawili: maji yaliyopata njia ya kuingia, na saruji iliyoyanyima njia ya kutoka. Anayetaka kuikarabati nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya Lamu, au kibanda cha kaburi la kale mahali popote pwani, ayashughulikie kwa mpangilio huohuo, maji kwanza.

Ukuta wenyewe ni mnene, mara nyingi nusu mita au zaidi, umejengwa kwa mawe yasiyochongwa yaliyoshikwa na chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, linakunywa maji. Chokaa nayo hupitisha unyevu, kwa hiyo ukuta hulowa wakati wa masika na kukauka kiangazi bila madhara. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, unyevu unabaki ndani, na chumvi iliyomo inajikusanya na kuganda nyuma ya lipu. Ikiganda inatanuka na kulisaga jiwe. Kwa nje ukuta unapendeza. Ndani umekuwa unga. Gonga kwa mpini wa nyundo: penye sauti ya mtungi mtupu, lipu imeshaachana na jiwe.

Kabla ya kugusa chochote, omba kibali. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001. Zanzibar, ombi linapelekwa kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, hata kama ni gofu lililomezwa na kichaka. Piga picha kila upande wa ukuta ukiwa umesimamisha rula kando yake. Picha hizo ndizo zitakazoamua ubishi na fundi baadaye.

Sasa panda juu. Kagua mabati, mifereji ya paa, mabomba na sakafu ya choo cha ghorofani. Doa la unyevu chini ya dirisha mara nyingi chanzo chake kiko mita kadhaa juu yake. Ukikuta mti umeota ukutani, ukate karibu na ukuta na uuache mzizi ufe. Ukiuvuta, mawe yanakuja nao. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na miongoni mwa maadui wake walikuwa mimea hiyo na mawimbi yanayokula ufuko. Yalitolewa kwenye orodha hiyo 2014, baada ya kazi ya miaka mingi.

Boriti za mikoko zinazobeba dari huoza pale ncha inapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Choma kila ncha kwa bisibisi. Ikizama sentimita mbili bila kutumia nguvu, boriti hiyo haibebi tena. Weka nguzo za muda chini ya dari, na nguzo zifike hadi ardhini kupitia kila ghorofa, ndipo uanze kugonga. Wengi huliruka hili ili kuokoa gharama. Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar lililojengwa 1883, iliporomoka sehemu mwaka 2012, kisha tena tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililochoka huwa hatarini zaidi linapoguswa.

Kuondoa saruji, tumia tindo na nyundo ya kilo moja, ukianzia kwenye ufa au ukingo uliokwishaachia. Laza tindo, usiisimamishe wima. Mashine ya kubomolea isiingie kabisa: mtikisiko wake unalegeza mawe ya katikati ya ukuta. Penye saruji iliyong'ang'ania kiasi kwamba jiwe linatoka nayo, acha kipande hicho. Hasara ya kukiacha ni ndogo kuliko ya kukitoa.

Acha ukuta wazi ukauke, wiki kadhaa, hata miezi kama umelowa sana. Chumvi nyeupe itatokeza juu. Ifagie kwa brashi kavu na kuizoa. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Chokaa nzuri ni ile iliyozimwa zamani, yaani chokaa mbichi iliyokwishatiwa maji ikachemka na kutulia, na kubaki chini ya maji au kufukiwa ardhini kwa miezi, mitatu au zaidi. Ukizima mwenyewe, tia chokaa mbichi kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa: huchemka na kuruka, na tone moja linaweza kupofusha jicho. Vaa miwani na glavu. Kama una ya unga wa mfukoni tu, iloweke siku nzima kabla ya kuitumia.

Mchanga uwe mkali, wenye punje ndogo na kubwa zilizochanganyika. Wa ufukweni una chumvi, usiutumie bila kuuosha vizuri kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi. Kujua kipimo, jaza kopo la lita moja kwa mchanga mkavu, kisha mimina maji taratibu mpaka yafike usawa wa mchanga. Kiasi cha maji kilichoingia ndicho kiasi cha chokaa unachohitaji, kwani kazi ya chokaa ni kujaza nafasi kati ya punje. Kwa kawaida hutoka kama theluthi moja, na ndiyo maana mafundi huchanganya karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Kanda kwa muda mrefu kabla ya kuongeza maji. Mchanganyiko mkavu hulainika wenyewe ukipigwa. Maji mengi leo ni nyufa kesho.

Lowesha ukuta tangu jana yake. Mashimo makubwa yazibwe kwa vipande vya mawe vilivyozungushiwa chokaa, si kwa chokaa tupu. Kisha tupia tabaka la kwanza kwa mwiko, unene usizidi sentimita moja, likwaruze likianza kukaza, na usubiri wiki moja au zaidi kabla ya la pili.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ukaa, na hilo linataka unyevu. Jua la mchana likiikausha kwa siku moja, itabaki unga hata ukingoja mwaka. Ning'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta kwa siku saba angalau, uyanyunyizie asubuhi na jioni. Nyufa ndogondogo zikitokea siku ya kwanza, sugua tena kwa ubao wa lipu wakati bado laini. Ukipitisha kidole baada ya wiki tatu na unga ukatoka mwingi, ibandue tabaka hiyo na uanze upya; rangi haitaishika.

Rangi nayo iwe chokaa ya maji, nyembamba kiasi kwamba ukipaka unaona ukuta chini yake. Mikono minne au mitano, siku moja kati ya mmoja na mwingine. Mkono mmoja mzito hupukutika. Rangi ya plastiki inaziba ukuta karibu sawa na saruji.

Chokaa inayobaki itie kwenye ndoo yenye kifuniko, juu yake maji ya vidole vinne. Itafaa kwa viraka vya mwaka kesho, na itakuwa bora kuliko ilivyo leo.